Wakili wa Kesi ya Familia Atapatikana kwa Pesa Gani? (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulieleza kesi zipi za familia husikilizwa Ruiru na zipi hupelekwa Thika. Leo tunaingia mfukoni, maana huko ndiko wakazi wengi wa wadi ya Gatongora, Ruiru, hukwama: wakili atatafutwa wapi, na atalipwa nini?

Mchukue mama wa watoto wawili aliyepanga chumba Gatongora. Baba watoto ameacha kutuma pesa tangu Januari. Majirani wanamwambia akope kwenye chama amtafute wakili. Wanamshauri kwa nia njema, ila mapema mno. Kituo chake cha kwanza ni ofisi ya watoto ya serikali katika kaunti ndogo. Afisa humwita baba, wakaketi wote, na wakikubaliana makubaliano ya matunzo huandikwa na kutiwa sahihi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawabebesha wazazi wote wawili jukumu hilo, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inalikazia.

Baba akikaidi, mama anaweza kwenda mahakamani mwenyewe. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake lililoanzishwa mwaka 1985, limewafunza wanawake wengi kujiwakilisha. Kinachombeba pale ni karatasi: vyeti vya kuzaliwa, risiti za karo, taarifa ya M-Pesa, na daftari la shilingi hamsini lenye tarehe, kitu kilichonunuliwa na bei yake. Unga, maziwa, dawa ya kikohozi, sare. Hakimu akiuliza, "Mama, mtoto anatumia kiasi gani kwa mwezi?" jibu liwe tayari limejumlishwa.

Penye mali ya kugawana, mambo hubadilika. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya mali iliyokuwa mtaa wa Tassia, Nairobi, kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Lazima athibitishe mchango wake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu pia kazi za nyumbani na ulezi wa watoto. Mke ambaye ploti yao imeandikwa jina la mumewe asiende mahakamani peke yake. Huyu anahitaji wakili, hata kama itabidi auze mbuzi.

Kabla ya kulipa, jina la wakili litafutwe kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, kwa kuwa leseni huhuishwa kila mwaka. Ada ina kiwango cha chini kilichowekwa kisheria, kwa hiyo wakili hawezi kushuka chini yake. Kinachoweza kujadiliwa ni kulipa kwa awamu. Nayo ahadi ya "nitakulipa tukishinda tu" imekatazwa na Sheria ya Mawakili. Mapatano yaandikwe.

Asiye na kitu kabisa ana milango mingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inagusa pia kesi za kiraia na za watoto, shirika la Kituo cha Sheria limewahudumia maskini tangu 1973, na upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanza 2016, hauwatozi wahusika ada ya mpatanishi.

Msomaji mwenye kesi, anza daftari lako leo, na usitoe shilingi bila kupewa risiti. Wiki ijayo: mirathi na barua ya chifu.