Kutoga Sikio kwa Juu: Kidonda Kidogo Kinachotaka Subira



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama hunong'onezana nje ya kanisa lakini hawaliulizi zahanati. Vijana wetu wanatoboa miili yao mahali ambapo hatukuzoea. Zamani ilikuwa ndewe ya sikio basi. Siku hizi tunaona hereni sehemu ya juu ya sikio, kwenye nyusi, kitovuni na hata kwenye ulimi. Hatuandiki ili kumhukumu mtu. Tunaandika kwa sababu wengine wao tunawaona wodini, nao huja wakiwa wamechelewa.

Tukumbuke kwanza kwamba kutoboa mwili si jambo la leo. Wanawake wa pwani wamevaa kipini puani na kutoga sikio mstari mzima tangu enzi za mabibi zao. Wamakonde walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu, na Wamasai hupanua ndewe zao mpaka zikaning'inia. Hata katika Maandiko, kitabu cha Mwanzo sura ya 24, Rebeka alivishwa pete puani. Tofauti ni hii: mtoto aliyetogwa nyumbani alikuwa na mama na shangazi wa kumtazama kidonda kila siku. Kijana anayetoboa kwa siri hana wa kumtazama.

SIKIO LA CHINI NA SIKIO LA JUU

Shika sikio lako. Sehemu ya chini ni laini. Ni ngozi, mafuta na damu ya kutosha. Sehemu ya juu ni ngumu kidogo na hujikunja kama mpira. Hiyo ni gegedu. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye utando mwembamba unaoifunika. Usaha ukiingia kati ya utando na gegedu, chakula hukatika na gegedu hufa. Ikishafa haioti tena. Sikio hunywea na kujikunja, na hubaki hivyo.

Tulimpokea binti mmoja wa kidato cha tatu ambaye alitoboa sikio kwa juu wakati wa likizo. Siku ya nne lilianza kuuma. Alilificha chini ya kitambaa kwa siku nane zaidi kwa kumwogopa baba yake, huku akimeza vidonge alivyopewa na rafiki. Alipofika kwetu sikio lilikuwa jekundu, limevimba na lina joto, isipokuwa ndewe ya chini, ambayo ilikuwa salama. Dalili hiyo huwaonyesha waganga kwamba ugonjwa umeshika gegedu. Daktari alipasua akatoa usaha, na binti akalazwa. Alipona, lakini sikio halikurudi umbo lake. Baba yake alikaa kando ya kitanda akatuuliza, "Kwa nini hakuniambia?" Swali hilo tunawaachia wazazi wote.

Wala si huku kwetu tu. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, vijana 7 waliotobolewa kwenye kibanda kimoja cha vito walithibitika kuwa na maambukizo ya bakteria aitwaye Pseudomonas. Wanne walilazwa hospitali, na baadhi walibaki na masikio yaliyoharibika. Wengi wao walianza kwa kutumia dawa ambazo haziwezi kumwua bakteria huyo. Ndiyo maana tunasema: vidonge vya kuazimana si tiba.

KUPONA HUCHUKUA MUDA GANI?

Ndewe ya chini hupona kwa wiki 6 hadi 8. Ulimi huchukua wiki 4 hadi 6. Pua huchukua miezi kadhaa. Sikio la juu na kitovu huweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima. Tundu hupona kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo kidonda huonekana kimepona wakati ndani bado ni kibichi. Wengi huharibu hapo: hubadilisha hereni mapema, au huivua wakaamka wakikuta tundu limeziba.

Siku za kwanza ni kawaida kuona wekundu kidogo, uvimbe na maumivu. Ni kawaida pia kutoka majimaji meupe yanayokauka kama ukoko. Huo si usaha. Usiubandue kwa kucha.

JINSI YA KUTUNZA KIDONDA

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa. Mtu mwingine asiguse kabisa.

2. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha weka chumvi robo kijiko cha chai katika glasi moja (mililita 250). Lowesha kitambaa safi kilichochemshwa au bandeji safi, bandika juu ya kidonda dakika chache, mara mbili kwa siku. Chumvi isizidi, kwani itachoma ngozi.

3. Kausha kwa kugusagusa. Usisugue.

4. Usizungushe hereni. Ushauri wa zamani wa kuizungusha kila asubuhi hukwaruza ngozi changa.

5. Usitie spiriti, dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Kinyesi na udongo ndimo anamokaa mdudu wa pepopunda.

6. Usilalie upande huo. Usioge mtoni, ziwani wala bwawani mpaka kidonda kipone.

7. Aliyetoboa kitovu avae nguo isiyobana kiunoni. Aliyetoboa ulimi asukutue kwa maji ya chumvi kila baada ya kula, aache pombe na sigara. Ajue pia kwamba chuma cha ulimi huvunja meno na kula fizi taratibu.

NJOO HOSPITALI UKIONA HAYA

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, wekundu unaosambaa, usaha wa manjano au kijani wenye harufu, homa, hereni inayozama ndani ya nyama. Njoo siku hiyo hiyo. Usiivue hereni wewe mwenyewe, maana tundu huweza kuziba na kufungia usaha ndani. Mwachie daktari aamue. Ulimi ukivimba mpaka kupumua kukawa shida, au damu isipokoma, usingoje asubuhi.

NANI ASITOBOE

Mwenye ugonjwa wa moyo, hasa wa milango ya moyo, amwone daktari kwanza, kwa kuwa bakteria wa kidonda huweza kusafiri katika damu hadi moyoni. Vivyo hivyo mwenye kisukari, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Mama mjamzito asitoboe kitovu. Na ikiwa katika ukoo wenu makovu huota na kuwa makubwa kuliko kidonda, yaani keloidi, fikirini mara mbili. Watu weusi tunazipata zaidi, na keloidi ikikatwa peke yake bila tiba nyingine mara nyingi hurudi.

SINDANO NA BASTOLA

Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, na itupwe baada ya mtu mmoja. Anayetoboa avae glavu. Sindano ya kushirikiana huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Ile bastola ya kutobolea isitumike kabisa kwenye gegedu: huiponda badala ya kuitoboa, na nyingi haziwezi kuchemshwa kwa mvuke. Hereni ya kwanza iwe ya dhahabu au chuma kisichoshika kutu. Za bei rahisi huwa na nikeli inayowasha ngozi. Na uhakikishe chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi ana haki ya kusema hapana, na shule nazo zina sheria zake. Mwambieni kijana hapana yenu kabla hajatoboa, tena kwa sababu, siyo kwa vitisho. Lakini akishatoboa, neno la kwanza liwe, "Hebu nione." Maonyo yatasubiri mpaka Jumapili. Usaha hausubiri.

Nanyi vijana, mkiwa na kidonda cha aina hii na mnaogopa kusema nyumbani, njooni kwetu. Tutakitazama kwanza, kisha tutawasaidia kumwambia mzazi. Hatujawahi kumfukuza mtu kwa sababu ya hereni.