Fizi Zikitoa Damu, Usiache Kupiga Mswaki

Wakazi wengi wakiona damu kwenye mswaki huacha kusugua upande huo, wakidhani wamejiumiza. Hapo ndipo ugonjwa wa fizi hupata nafasi. Mara nyingi chanzo cha damu hiyo ni ukoga, utando laini wa bakteria unaojikusanya pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa huanza kuwa mgumu siku chache baadaye, na ukishakuwa kama jiwe hakuna mswaki utakaoutoa.

Mwanzoni fizi huvimba na kuwa nyekundu, lakini meno yakisafishwa vizuri hupona. Ukichelewa, mfupa unaoshikilia meno huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu, na haurudi wenyewe. Mvutaji sigara huenda asione damu kabisa, kwa kuwa tumbaku huificha dalili hiyo.

Nenda kliniki ya meno katika hospitali ya umma iliyo karibu nawe, ueleze kwamba unataka kusafishwa meno. Wengi huogopa kwa kudhani kila anayeingia huko hung'olewa jino, sivyo. Ukoga mgumu hukwanguliwa, hata ulio chini ya ufizi. Mweleze mhudumu ikiwa una kisukari au ni mjamzito, maana hali zote mbili huzidisha uvimbe wa fizi.

Nyumbani, tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti pia unafaa, mradi ufike nyuma ya meno. Damu ikiendelea kwa zaidi ya wiki 2, usingoje jino liume.