Mtoto Aliyekumbuka Kuhesabu

Mwaka 1954 William Golding, mwalimu wa shule nchini Uingereza aliyepata kutumikia jeshi la majini katika Vita Kuu ya Pili, alitoa riwaya iitwayo Lord of the Flies, yenye habari za wavulana ambao ndege yao ilitunguliwa wakajikuta kisiwani bila mtu mzima hata mmoja. Na miongoni mwao yumo mmoja mnene, mwenye pumu na miwani mizito, aliyefiwa na baba akalelewa na shangazi mwenye duka la peremende, ambaye kila afunguapo kinywa matamshi yake hudhihirisha kuwa hakutoka katika nyumba za wakubwa.

Jina lake halisi hatuambiwi. Alimnong'oneza Ralph, mmoja wa wavulana wale, lakabu ya dhihaka aliyopewa shuleni, Piggy, yaani kitoto cha nguruwe, akitaraji itafichwa. Na Ralph, pasipo chuki ila kwa ule wepesi wa utoto, akaitangaza mbele ya kadamnasi, wote wakaangua kicheko. Msomaji wa pwani yetu, ajuaye uzito wa tusi hilo, ataona jinsi mlango wa heshima ulivyofungwa siku ile ile ya kwanza.

Walipochagua mkuu walimchagua Ralph, kwa umbo lake, kwa haiba yake, na kwa lile kombe kubwa la bahari alilokuwa amelipakata. Lakini aliyejua kwamba kombe lile likipulizwa hulia, na kwamba mlio wake waweza kuwakusanya waliotawanyika, alikuwa Piggy, ambaye kifua chake hakikuwa na pumzi ya kulipuliza. Sisi tuliolelewa na mbiu ya mgambo, tukasikia habari za siwa za Pate na Lamu, twafahamu kuwa chombo cha namna hiyo ni dola iliyopewa sauti. Wenzake walipokuwa bado wanawasili, yeye alizunguka akiwauliza majina; na moto wao wa kwanza, uliowashwa kwa miwani yake, ulipowaponyoka ukala msitu, ndiye aliyeuliza yuko wapi yule mdogo mwenye alama usoni, ambaye hakuonekana tena.

Rai yangu ni kwamba busara hiyo ilizaliwa na unyonge wenyewe. Mwenye nguvu aweza kuishi muda mrefu bila sheria asihisi upungufu. Asiye nazo ajua kuwa siku baraza livunjikapo yeye ndiye wa kwanza kuangamia, kwa hiyo hulihifadhi kama ahifadhivyo pumzi zake. Wala Golding hakumfanya walii: rai zake njema aghalabu huzitoa kwa manung'uniko, na mwenzao Simon alipouawa katika ngoma ya usiku, Piggy, aliyekuwapo, alishika kusema kwamba ile ilikuwa ajali tu.

Hata hivyo, miwani yake ilipoibwa na kundi la Jack, mvulana aliyejitenga na Ralph, alikwenda hadi ngomeni mwao, karibu kipofu, kombe mkononi, kuidai kama haki yake wala si kama hisani. Roger, mmoja wa kundi hilo, akaliachia jabali kutoka juu. Kombe likavunjika vipande, na mwenye kulishika akatupwa miambani, bahari ikamchukua.

Afisa wa manowari alipofika kuwaokoa, akauliza mkuu ni nani, Ralph alijibu kwa sauti kuwa ni yeye. Alipoulizwa wako wangapi, hakujua.