Wazee wa Fizi na Baraka: kiti cha mbele hakitoshi

Mtu aliyezaliwa mwaka 1950 katika kijiji chochote cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Congo, kutoka Makobola hadi Ubwari, alikuwa na miaka 14 uasi wa Wasimba ulipowaka. Alikuwa na miaka 15 Che Guevara na Wakuba wake walipovuka ziwa kutoka Kigoma na kupiga kambi katika milima ya Fizi. Alipofikisha 17, Laurent-Désiré Kabila alikuwa akiunda chama chake cha PRP na kujikita msituni. Vita vya 1996 vilimkuta na miaka 46, na wengi wa rika lake wakavuka maji, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwishoni mwa 2005, akiwa na miaka 55, meli zilianza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi ufukwe wa Baraka. Kati ya misukosuko hiyo alioa au kuolewa, akazaa, akazika, akajenga nyumba ambayo wengine walikuja kulala ndani yake.

Ukimwona nyani mzee, walisema wahenga, ujue amekwepa mishale mingi. Wazee wa Fizi wameikwepa, na leo wanazeeka katika mji ambao haukupangwa kwa ajili yao. Baraka imejaa haraka: waliorudi kutoka Tanzania, waliokimbia mapigano ya milimani, wavuvi, wachuuzi. Kila mmoja alijenga alipopata nafasi. Kwa kijana mwenye miguu mizima, robine iliyo chini ya mteremko ni matembezi tu. Kwa mwenye miaka 75, kupanda na bidoni la lita 20 ni mwisho wa nguvu za siku nzima. Choo cha kuchuchumaa hakina pa kushika. Foleni ya kituo cha afya husubiriwa kwa kusimama. Usafiri wa wengi ni pikipiki, na mwenye goti bovu hupakiwa kama gunia.

Familia iliyotawanyika

Ukilisema jambo hili hadharani, jibu la haraka ni kwamba mipango ya wazee ni ya Wazungu. Sisi tuna familia. Jibu hilo lilikuwa na nguvu wakati watoto wote walipokaa kilima kimoja. Leo mtoto mmoja yuko Misisi anachimba dhahabu, wa pili hakurudi kutoka Nyarugusu, wa tatu alichukuliwa na mpango wa wakimbizi akapelekwa Marekani, wa nne alikufa vitani. Anayebaki nyumbani ni bibi na wajukuu. Pesa ya simu ikitumwa huleta unafuu, ila simu haichoti maji wala haimshiki mtu mkono kwenda msalani usiku.

Mwezi wa 2 mwaka 2025, waasi wa M23 walipoiteka Bukavu, hofu ilishuka hadi kusini kabisa mwa mkoa wa Kivu ya Kusini. Watu wa mwambao wanajua kinachofuata: wenye nguvu huondoka kwanza, na wazee ndio hubaki wakilinda mlango. Kwa hiyo swali la nani anamtunza mzee jirani, nani anajua anakunywa dawa gani, nani atambeba siku ya kukimbia, haliwezi kuachiwa ukoo peke yake. Ni swali la mtaa mzima.

Wanaitwa kwa mahari, hawaitwi kwa maji

Heshima ipo, na haina unafiki. Kwa Wabembe, lubunga bado ni mahali pa kusikilizana chini ya wazee. Posa haikamiliki bila wao, wala mazishi, wala mgogoro wa shamba. Ng'ombe wanaposhuka kutafuta malisho na mashamba ya muhogo yakakanyagwa, wazee wa Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru na Banyamulenge ndio huketishwa meza moja kutafuta neno la kutuliza. Kwenye sherehe wanapewa kiti cha mbele na sahani ya kwanza.

Lakini kamati ya maji inapoundwa, hutafutwa kijana anayeandika Kifaransa. Shirika likija na mradi, orodha yake huanza na watoto wa chini ya miaka mitano na wanawake wajawazito, na mara nyingi huishia hapo. Soko likipangwa upya, hakuna anayeuliza muuza ndagala mwenye miaka 70 atapumzika wapi jua likiwa utosini. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema, kisha tunapanga mji bila neno lao.

Hasara ya kutowauliza haiwapati wao tu. Katika miaka ya karibuni, hasa 2021 na 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda na kumeza nyumba za ufukweni Uvira, Baraka na Kalemie. Wengi waliona ni ajabu isiyo na mfano. Ila ziwa hili lilipanda vilevile mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kilele chake kikawa mwaka 1964. Mzee aliyezaliwa 1950 alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka maji yalifika mti gani na njia gani ilizama. Kabla kiwanja kipya hakijakatwa karibu na ufukwe, wazee kumi wakitembezwa mahali hapo asubuhi moja wangeweza kuonyesha mpaka ambao ramani nyingi hazina.

Kuuliza ndiyo kazi yenyewe

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee. Haukutungwa na wahandisi waliojifungia ofisini. Katika miji 33 ya dunia, Nairobi ikiwa mmojawapo, watu wa miaka 60 na zaidi waliketi katika vikundi, na wanaowatunza vilevile, wakaeleza nini kinawasumbua na nini kinawasaidia. Majibu yao yakagawanywa katika mambo manane: maeneo ya wazi na majengo, usafiri, makazi, kushiriki katika jamii, heshima, kazi na uraia, habari, na huduma za afya na za jamii.

Njia hiyo haihitaji mfadhili ili ifanyike Baraka. Chef wa kartie awachague wazee wachache, wake kwa waume, wakiwemo mwenye fimbo na asiyeona vizuri. Watembee polepole kutoka nyumbani hadi robine, kituo cha afya, soko na kanisa au msikiti, pamoja na vijana wawili wa kuandika. Kila mahali mzee anaposimama kupumua, anapoteleza au anapoomba mkono, paandikwe. Mwisho wa njia kuna orodha, na sehemu kubwa ya orodha hiyo itakuwa kazi za mikono: benchi la mbao chini ya mwembe, ngazi tatu kwenye mteremko, mti wa kushika chooni, daraja dogo juu ya mtaro, siku moja ya juma ambapo wazee wanapokewa kwanza kituoni.

Mikono nayo ipo. Salongo, kazi ya pamoja tuliyoizoea tangu enzi za Mobutu, bado inaitishwa kufagia barabara na kuzibua mitaro. Inaweza pia kujenga benchi. Kila eneo la afya lina CODESA, kamati inayotakiwa kusema kwa niaba ya wakazi, na wahudumu wa kujitolea wanaoitwa RECO, ambao hupita nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo na kuonya kuhusu kipindupindu, ugonjwa usiokwisha mwambao huu. RECO akishafika mlangoni, dakika mbili zaidi zinatosha kumuuliza mzee kama amekula, kama anaona, kama shinikizo la damu limepimwa. Viti viwili vya wazee ndani ya CODESA, kimoja cha mwanamke, havigharimu kitu. Vikundi vya kuweka na kukopa, tunavyoviita AVEC, vina mfuko wa dharura. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba dawa za mama wa mwanachama nazo ni dharura.

Kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa wakimbizi wa Burundi, ina wazee wake pia. Wanatembea barabara zilezile na kuuza soko moja na wenyeji. Orodha ya mtaa ikiwaacha nje itakuwa na tundu tangu siku ya kwanza.

Bibi asiyekaa barazani

Hapa pana mtego. Tukisema wazee waulizwe, watakaojitokeza ni wanaume wenye jina, kwa kuwa lubunga tangu zamani ni baraza la wanaume. Mjane anayeishi pembeni hatakuja, na yeye ndiye mwenye mengi ya kusema. Ndiye pia aliye hatarini zaidi. Mtoto akiugua ghafla au mtumbwi ukizama, macho mekundu ya bibi aliyepika kwa kuni miaka 60 hugeuzwa ushahidi wa uchawi. Mwezi wa 9 mwaka 2021 katika mkoa huu wanawake kadhaa waliuawa kwa tuhuma hizo, wengine wakichomwa moto. Fizi haina kinga ya pekee dhidi ya ugonjwa huo.

Ng'ambo ya ziwa na mbele zaidi, huko Nshamba wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, Tanzania, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee waliokuwa wakilea yatima wa ukimwi. Baadaye wazee wenyewe wakajiunga katika vikundi vya jirani kwa jirani, wenye nguvu wakiwasaidia waliolala. Bibi waliohofia kuvamiwa walifundishwa hata namna ya kujihami na kupiga kelele majirani wakasikia. Bibi mwenye kikundi ana mashahidi, na uvumi haumkuti peke yake.

Deni la serikali linabaki

Ushiriki wa wakazi usigeuzwe kisingizio cha serikali kukaa kando. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inasema mtu wa umri wa uzee ana haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee mwezi wa kwanza mwaka 2016. Wakati huohuo, nchini Congo pensheni ni ya aliyefanya kazi ya mshahara. Mkulima wa muhogo na mvuvi hawamo. Mwezi wa 4 mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Kenya ikafuata mwaka 2018 na shilingi zake 2,000 kwa mwezi kwa wenye umri huo. Nchi hizo hazina dhahabu ya Misisi.

Hata kabla Kinshasa haijaamka, sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 iliipa miji na sekta uwezo wa kujitawala na kuwa na bajeti. Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge ni sekta za Fizi zenye haki hiyo. Kivu ya Kusini imeshajaribu bajeti shirikishi, ambapo wakazi hukutana kusema fedha ziende wapi. Tatizo ni nani huwa ukumbini: mkutano ukifanyika mbali, saa ya jua kali na kwa Kifaransa, umeshawatoa wazee kabla haujafunguliwa.

Tarehe 1 mwezi wa 10 dunia huadhimisha Siku ya Wazee. Kawaida yake ni hotuba, fulana na soda. Ofisi ya meya wa Baraka na wakuu wa sekta wangeweza kuifanya siku ya hesabu: kila kartie ilete orodha iliyotembewa na wazee wake, isomwe kwa Kiswahili na Kibembe mbele ya watu, na mwaka unaofuata isomwe tena, kazi kwa kazi, pamoja na jina la ofisi iliyoahidi na haikufanya.