Duka la zawadi za sikukuu shuleni: namna ya kulifungua bila kumwacha mtoto nje

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Desemba, mtoto wa Ikungi, Mkalama au Manyoni anarudi nyumbani na ripoti yake mkononi. Wiki chache baadaye ni Krismasi na Mwaka Mpya. Katika sikukuu zetu mtoto ndiye anayepokea: nguo mpya kama hali inaruhusu, soda, sahani ya pilau. Ni mara chache naye anapata nafasi ya kutoa.

Duka la zawadi shuleni linampa nafasi hiyo. Ni meza au darasa moja linalofunguliwa siku chache kabla ya shule kufungwa. Mtoto anaingia, anachagua kitu kidogo kwa ajili ya mtu wa nyumbani kwao, kinafungwa vizuri, anaondoka nacho. Huko Marekani shule nyingi za msingi hufanya hivyo kila Desemba, na kamati za wazazi ndizo zinazosimamia. Hapa kwetu wazo la shule kuwa na duka si geni. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, shule nyingi zilianzisha mashamba, mifugo na maduka madogo. Wazazi na babu zetu wengi walijifunzia hesabu za faida na hasara humo.

Lakini duka la namna hii linaweza pia kuumiza. Darasa moja lina mtoto aliyepewa shilingi 1,000 na mtoto ambaye nyumbani kwao hata chumvi inakopwa dukani. Mmoja akitoka na zawadi na mwingine akabaki mlangoni akiangalia, shule imewafundisha wote wawili somo baya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tutauza nini, tujiulize kwanza: tutafanyaje ili kila mtoto atoke na zawadi?

Desemba ni mwezi mgumu

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Fedha ya alizeti huonekana baada ya mavuno, katikati ya mwaka. Ikifika Desemba, kaya nyingi zinalima, zinanunua mbegu na kulipa vibarua. Mbele yao kuna Januari, mwezi wa sare, viatu na madaftari. Kumwambia mzazi atoe shilingi 5,000 za zawadi wakati huo ni kumtafutia ugomvi.

Kuna jambo jingine. Shule za msingi za Serikali zinatoa elimu bila ada. Duka hili lisije likageuka kuwa mchango wa lazima uliovaa nguo nyingine. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu hana fedha ya zawadi, na jina lake lisisomwe mstarini. Faida isipelekwe kwenye ujenzi wa choo wala ukarabati wa ofisi. Hayo yana vikao vyake.

Kadi moja, zawadi moja

Njia tunayoipendekeza ni ya kadi. Shule inakata vipande vya karatasi ngumu na kuvigonga muhuri. Kila mwanafunzi anapata kadi moja, na kadi moja inachukua zawadi moja. Ndani ya duka hakuna sarafu inayoonekana. Wote wanalipa kwa kadi zinazofanana.

Kadi hizo zinagharamiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni sarafu. Kuanzia mwanzoni mwa Novemba, mwenye uwezo anamkabidhi mwalimu wa darasa shilingi 400 faraghani, yaani sarafu mbili za 200. Ya pili ni kazi ya mikono. Darasa zima linatengeneza vitu vya kuweka dukani: kamba za mkonge, fagio, vikapu vidogo, magari ya waya, wanasesere wa vitambaa, kadi za salamu zilizochorwa. Kazi hii ifanywe shuleni na wanafunzi wote, mtoto wa mwalimu na mtoto wa mfugaji pamoja. Ikiachiwa wasio na fedha peke yao, kila kamba itakuwa tangazo la umaskini wa mtu.

Tuchukue mfano. Shule ina wanafunzi 200. Hadi mwisho wa Novemba 120 wametoa shilingi 400 kila mmoja. Jumla ni shilingi 48,000. Tuseme kitu kimoja kwa bei ya jumla kinapatikana kwa wastani wa shilingi 300. Fedha hiyo inanunua vitu 160. Vinavyopungua ni 40, na hivyo vinatoka kwenye kazi ya mikono. Zawadi zimetimia 200, kadi ni 200, na hakuna aliyebaki.

Wakitoa 80 tu, fedha ni shilingi 32,000, nayo inanunua vitu 106. Hapo mikono itengeneze 94. Bei zitatofautiana kati ya mjini na vijijini, lakini kanuni ni ileile: sarafu zikipungua, kazi ya mikono inaongezeka. Na kwa kuwa bidhaa zinanunuliwa baada ya fedha kukusanywa, shule haikopi mtaji, wala haibaki na shehena ya vitu visivyouzika.

Mtoto anaweza kuuliza, "Kwa nini mimi nilipe na mwenzangu asilipe?" Ajibiwe waziwazi: mwenye nacho ameleta sarafu, na kazi ya darasa zima imewabeba wote. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtoto wa miaka minane analielewa hilo vizuri.

Tuuze nini?

Tuanzie kwenye zawadi ambazo watu wetu wanazifurahia. Mtu akienda kumsalimu bibi hubeba sukari, majani ya chai au sabuni. Mche wa sabuni unaweza kukatwa vipande na kila kipande kikafungwa peke yake. Vitu vingine vinavyofaa ni pakiti ndogo ya majani ya chai, kitana, sindano na uzi, leso ya mkononi, kalamu, daftari na utepe wa nywele. Sukari ipimwe na mtu mzima kwa mikono safi, na ifungwe siku inapouzwa.

Visiingie dukani viberiti, nyembe, fataki, vipodozi vya kujichubua, wala chakula kinachoharibika haraka. Puto na vitu vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto mchanga navyo viachwe, kwa sababu zawadi nyingi zitaishia mikononi mwa wadogo zao. Kwa bidhaa za kiwandani, angalia nembo ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Manunuzi yafanywe na watu wawili, mwalimu na mjumbe wa kamati ya shule, kwa bei ya jumla, siku ambayo mmoja wao tayari ana safari ya mnadani au mjini Singida. Nauli ikitolewa kwenye sarafu za watoto, zawadi kumi au zaidi zinapotea njiani.

Kufungia, kumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Gazeti la zamani lililofungwa kwa kamba ya mkonge linapendeza. Fundi cherehani wa kijijini naye ana mabaki ya vitenge ambayo kwake ni takataka. Akiombwa mapema, atayatunza.

Ratiba inayowezekana

Oktoba: mwalimu wa Elimu ya Kujitegemea apeleke wazo kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Wazazi waelezwe mkutanoni kwamba ni hiari na kwamba kiwango ni shilingi 400, si zaidi.

Novemba: sarafu zipokelewe na kuandikwa, na kazi za mikono zianze. Wauzaji wachaguliwe kutoka darasa la tano na la sita. Darasa la saba hufanya mtihani wao Septemba, hivyo Desemba hawapo tena shuleni.

Wiki ya mwisho: bidhaa zinunuliwe, zihesabiwe na zigawanywe mafungu kwa kila darasa kabla ya kufungua. Msipogawa, watakaoingia mwanzo watamaliza sabuni na chai, na wa mwisho watakuta fagio tupu. Waanze watoto wa awali na darasa la kwanza, maana wanahitaji muda na msaada. Waingie wachache wachache, na mwanafunzi mkubwa amwongoze mdogo: "Unampelekea nani? Anapenda nini?"

Swali hilo liulizwe kwa uangalifu. Watoto wengi wanalelewa na bibi. Wengine wazazi wako machimboni au Dar es Salaam, na wengine wazazi wamefariki. Kwa hiyo mlangoni msiandike "Zawadi ya mama." Andikeni "Zawadi ya mtu wa nyumbani," na mtoto achague mwenyewe ni nani.

Fedha ya watoto ihesabiwe hadharani

Shilingi 48,000 inaweza kuonekana ndogo kwa mtu mzima, lakini ni sarafu za watoto 120. Kila mwalimu wa darasa aandike kiasi alichopokea, na mwisho wa juma amkabidhi mtunza fedha mbele ya shahidi. Daftari la duka liwe na safu za tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kununulia, zilizotoka na zilizobaki. Stakabadhi zibandikwe humo. Wanafunzi wa darasa la sita wajumlishe wenyewe, kisha matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo siku ya kufunga shule: tulipokea kiasi hiki, tulinunua hivi, zimebaki hizi. Majina ya waliotoa yasibandikwe.

Fedha ikibaki, kikao cha kamati kiamue itunzwe kwa ajili ya duka la mwaka unaofuata. Zawadi zikibaki, wapelekewe watoto waliokuwa wagonjwa siku hizo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayetaka sana kutoa zawadi anaweza kushawishika kuchukua yai kiotani au sarafu iliyowekwa juu ya kabati. Mwambie mapema, "Safari hii hatuna, lakini kadi utapata." Walimu nao wasipokee mayai, alizeti au mahindi badala ya fedha, kwa sababu hakuna njia ya kujua kama nyumbani wameridhia.

Na sikukuu nyingine je?

Katika shule zetu wamo Waislamu na Wakristo. Duka la Desemba likiitwa duka la kufunga shule, kila mtoto analiona ni lake. Idd haina mwezi maalumu katika kalenda ya kawaida, kwani kila mwaka huja mapema zaidi kwa takriban siku 11. Shule yenye watoto wengi Waislamu inaweza kufungua duka siku chache kabla ya Idd badala ya Desemba. Jambo la kuepuka ni kulifungua mara tatu au nne kwa mwaka, maana wazazi watachoka na hiari itageuka kero.

Kama shule ya kijiji chako haijawahi kujaribu, wakati wa kulisema ni kwenye kikao cha wazazi cha Oktoba, kabla majembe hayajaingia shambani. Anza na darasa moja kama shule ni kubwa. Siku ya kufunga, hesabuni kadi zilizorudi dukani. Zikilingana na idadi ya watoto, duka limefanya kazi yake.