Miguu Baridi na Usingizi Unaokawia

Mwezi wa Juni unapoingia, wakazi wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kalenda ili wajue kwamba majira ya baridi yamewadia. Katika Uwanda wa Kitulo, ulioinuka zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, asubuhi nyingine majani huonekana meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Huko Njombe mwanafunzi wa bweni hujikunja chini ya blanketi, nyayo zikiwa kama mawe ya mtoni, na usingizi usije. Kesho yake hulaumiwa kwa kusinzia darasani. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki.

Vitabu vitokavyo nchi za kaskazini husema kwamba uchovu na huzuni ya majira ya baridi huletwa na uhaba wa mwanga. Kwao ni kweli. Mjini London siku fupi kuliko zote haifikii muda wa saa 8 za mwanga wa jua, na mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliueleza ugonjwa wa huzuni unaoandamana na majira hayo. Lakini Njombe iko nyuzi 9 hivi tu kusini ya Ikweta; mchana wa Juni hupungukiwa na ule wa Desemba kwa muda wa saa moja tu. Basi adui wetu si giza. Ni baridi yenyewe, pamoja na yale tuyafanyayo ili kuikimbia.

Mwili wa binadamu huingia usingizini kwa kupoteza joto, jambo ambalo huwashangaza wengi. Jioni halijoto ya ndani ya mwili huanza kushuka, na kufikia alfajiri huwa imepungua kiasi cha nyuzi 1 ya Sentigredi. Joto hilo hutokea zaidi kwenye ngozi ya viganja na nyayo, ambako mishipa ya damu hutanuka na kuileta damu yenye joto karibu na nje. Nyayo zikiwa baridi, mishipa hiyo hujibana, njia ya joto hufungwa, na usingizi hukawia. Mwaka 1999 Kurt Kräuchi na wenzake wa Basel, Uswisi, walieleza katika jarida la Nature kwamba kutanuka kwa mishipa ya mikono na miguu ndicho kipimo bora cha kujua jinsi mtu atakavyowahi kusinzia. Bibi aliyetuamuru tuoshe miguu kwa maji ya moto kabla ya kulala alikuwa na hoja, ingawa pengine nia yake ilikuwa kuyalinda mashuka.

Hofu nayo hupita njia iyo hiyo. Mwanafunzi anayeukabili mtihani huwa na mikono baridi, kwa kuwa neva zinazouandaa mwili kupambana huibana mishipa ya ngozi. Akivuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, kwa dakika chache, mapigo ya moyo hupungua. Chai ya rangi haimsaidii: kafeini huzuia kazi ya adenosini, kemikali inayojilimbikiza katika ubongo tukiwa macho na kutuletea usingizi. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini aliyoinywa saa 2 usiku huweza kuwa ingalimo mwilini saa 7 usiku. Na usingizi mzito wa mwanzo wa usiku ndio wakati homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi katika damu. Aliyelima au kucheza mpira mchana kutwa huupoteza kwa hasara ya misuli yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani. Watu huuogopa moshi, kwa hiyo hungoja mkaa ushike vizuri na kuwa mwekundu, kisha hulileta jiko ndani na kuziba madirisha. Mkaa huo mwekundu hutoa hewa ya kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa ingawa mapafu yanafanya kazi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo watu hudhani ni malaria. Aliyelala huenda asizione kabisa. Familia nzima zimepata kukutwa asubuhi zimekufa. Kuyafunika makaa kwa majivu hakuondoi hatari. Atakayekutwa amezimia atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali.

Jiko na litumike nje kuchemshia maji. Beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyounguza, kwa dakika 10, kisha taulo na soksi kavu, huifanya kazi ambayo jiko lilitakiwa kuifanya.

Mwalimu wa Biolojia aweza kulionyesha jambo hili bwenini kwa kipimajoto cha maabara. Wanafunzi wapime joto la ngozi kati ya vidole vya miguu kabla ya kuiosha, kisha kila baada ya dakika 5 wakiwa chini ya blanketi, na wenzao wasioosha wafanye vivyo hivyo. Grafu mbili zichorwe kwenye karatasi moja, na chini ya kila moja iandikwe saa ambayo kila mmoja anakumbuka kuwa alikuwa bado macho.