Mwenzako Kazini Akiamka na Akili Mpya

Mjini Tunduma mtu akipandisha ghorofa haraka, mtaa hausubiri kuona daftari lake la biashara. Jibu lipo tayari: ndagu, yaani uchawi wa kutafuta utajiri. Maneno hayohayo huingia hadi maofisini. Karani wa wakala wa forodha aliyekuwa akirudishiwa nyaraka kila wiki, miezi miwili baadaye ndiye anayewasahihishia wenzake. Anakumbuka namba za malori bila kutazama karatasi, na kwenye kikao anaongea jambo likaeleweka. Minong'ono inaanza. Amekwenda kwa nani? Amekunywa nini? Wapo wanaofika hatua ya kumweka kati na kumtaka aseme.

Kabla ya kumweka kati, ni vizuri kujua sayansi inasemaje. Ubongo wa mtu mzima hauruki ghafla kutoka uzito hadi wepesi. Mtu hujifunza na kuzoea kazi, lakini hayo huja taratibu. Badiliko la wiki chache mara nyingi lina asili nyingine: kitu kilichokuwa kikimkwaza kimeondoka, kuna msaada ameupata, au kuna ugonjwa unaoanza. La kwanza ndilo ningelitafuta mwanzo, na ndilo watu wasilolifikiria.

Tuanze na macho. Kila bidhaa inayopita forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ina namba ya tarakimu nane. Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuvuta vitu vya karibu. Tatu inafanana na nane, sita inafanana na tano, na karani anaonekana mzembe au mzito wa kichwa. Akipata miwani ya kusomea, makosa yanakatika. Huko Assam, India, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 uliwapa miwani wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Ongezeko la uchumaji wao lilizidi la wasiopewa kwa takriban asilimia 22. Bangladesh nako, utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kipato cha waliopewa miwani kikipanda kwa theluthi moja. Wote hao hawakuongezewa akili hata chembe.

Sababu ya pili inauhusu mkoa wa Songwe wenyewe, ulipo mji wa Tunduma, na haizungumzwi inavyostahili. Ni tegu wa nguruwe. Wilayani Mbozi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya sita waliopimwa damu akiwa na dalili za maambukizi ya viluwiluwi vya mnyoo huyu. Watu wengi wanadhani tatizo zima limo kwenye kitimoto. Ukila nyama isiyoiva yenye viluwiluwi, unapata mnyoo wa tumboni, basi. Hatari kubwa zaidi ni mayai yanayotoka na kinyesi cha mwenye mnyoo huyo. Yakiingia kinywani kwa maji, mboga au mikono isiyonawa, viluwiluwi husafiri na damu na baadhi hutua kwenye ubongo. Hivyo hata asiyeonja nguruwe maishani anaweza kuupata.

Huko kichwani viluwiluwi hukaa hata miaka bila kelele, kisha huleta kifafa, maumivu ya kichwa, usahaulifu na uzito wa fikra. Si kila kifafa ni cha kuanguka na kutoa povu. Kipo kinachomfanya mtu aduwae kwa sekunde kadhaa, kalamu mkononi, macho yametulia, akirejea hajui mlichokuwa mnasema. Ofisini ataitwa mwenye kuota mchana. Mtu huyu akipata tiba, anaweza kurudi akiwa kama mtu mwingine kabisa. Nchini Mexico, wagonjwa wa aina hii waliokuwa wamepoteza uwezo wa kufikiri kiasi cha kuhesabiwa kuwa na shida ya akili walifuatiliwa na matokeo yao kutangazwa mwaka 2005. Miezi sita baada ya matibabu wengi wao hawakuwa tena na vigezo vya shida hiyo.

Wapo pia wanaopona uzito kwa kubadilishiwa dawa tu. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayotumika sana kwetu, huwachosha na kuwapunguzia wepesi wa kufikiri baadhi ya watumiaji. Daktari akimhamishia mgonjwa kwenye dawa nyingine, ukungu huondoka. Mgonjwa asijiachishe mwenyewe, kwa sababu kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kisichokoma.

Kisha ipo tezi ya shingo. Nyanda za juu kusini zimeijua rovu kwa vizazi, kwa sababu udongo wake una upungufu wa madini joto. Tezi inayofanya kazi chini ya kiwango humfanya mtu awe mzito, msahaulifu, mwenye kusikia baridi na usingizi usioisha. Kipimo cha damu huionyesha, na vidonge vya homoni humrudishia mtu wepesi wake ndani ya wiki au miezi. Upungufu wa damu nao huleta uzito kama huo, hasa kwa wanawake.

Hapa ndipo kumbana mwenzako hadharani kunapokuwa kosa kubwa. Tangu mwaka 2019 Tanzania imewahamisha wengi wanaoishi na VVU kutoka dawa yenye efavirenzi, iliyowapa baadhi yao ndoto za kutisha, kizunguzungu na usingizi mbovu, kwenda dawa yenye dolutegraviri. Aliyelala vizuri baada ya miaka ya kukosa usingizi lazima ang'are kazini. Ukimwuliza mbele ya watu "umetumia dawa gani?", unamtaka aidha adanganye au atoe siri yake. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu. Heshima ya kawaida ingetosha hata bila sheria.

Msaada kutoka nje ni hadithi fupi. Barua za Kiingereza kwenda Lusaka au Lubumbashi zikianza kunyooka ghafla, huenda karani anatumia programu ya akili mnemba kwenye simu. Si uchawi wala dhambi, ila mwajiri ana haki ya kujua kama taarifa za wateja zinaingizwa humo.

Upo werevu unaotakiwa kututia wasiwasi. Mtu anayelala kwa muda wa saa mbili au tatu tu kila usiku bila kuchoka, siku kadhaa mfululizo, anaongea bila nukta, ana mipango mikubwa kila saa na anatapanya fedha, anaweza kuwa anaingia kwenye ugonjwa wa akili unaopandisha hisia kupita kiasi. Kwa siku za mwanzo anaonekana kipaji kitupu. Mirungi na vichangamshi vingine huleta sura inayofanana, na kwenye mji wa malori hilo si geni. Huyo anahitaji hospitali haraka, na ndugu zake washirikishwe.

Wapo waliopata kipaji baada ya kuumia kichwa, kama Mmarekani Jason Padgett aliyepigwa mwaka 2002 na kuanza kuchora maumbo ya kihesabu. Hao ni wachache mno duniani, na wengine wengi walioumia kichwa walipoteza, hawakupata.

Basi utamwuliza vipi? Mkiwa wawili, baada ya kazi, na uanze na kazi yenyewe. "Dada, siku hizi nyaraka zako zimenyooka kweli, nifundishe unavyofanya." Akiwa mkubwa kwako, shikamoo itangulie na swali liwe la kuomba ujuzi. Akisema ni miwani, mtacheka. Akinyamaza, achana nalo. Kama unaona dalili za hatari nilizotaja, usimhoji. Mwambie una wasiwasi naye na ujitolee kumsindikiza.

Na wewe unayeduwaa, unayesahau kila kitu au uliyewahi kupata kifafa, usisubiri mtaa ukuamulie. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji vipimo zaidi, watakupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda, Mbeya. Usinunue dawa za minyoo dukani ukidhani utajitibu kichwa: viluwiluwi vikifa ubongoni bila uangalizi, uvimbe wake unaweza kuua.